Mkwamuaji Hodari Humtambui kwa Mngurumo

Udongo mweusi wa mbugani hupasuka nyufa kiangazi, na masika yakifika hunyonya maji na kuvimba mpaka nyufa zote zikazibika. Juu huwa utelezi, chini huwa gundi. Anayepita Ndutu au Katavi wakati wa mvua anaujua. Meno ya tairi yakishajaa tope hilo, tairi huwa laini pande zote na halina tena cha kushika. Hapo ndipo napenda kumtazama dereva, kwa kuwa ustadi wake huanza kuonekana kabla hajashika koleo.

Anza na mguu wake wa kulia. Gari likiacha kusogea, hodari huachia mafuta papo hapo. Hujaribu mara moja tu kurudi nyuma taratibu, kwa gia nzito, juu ya alama zake mwenyewe. Likikataa, huzima injini. Asiyejua hukanyaga zaidi. Kila mzunguko wa tairi unachimba, na akizidisha, difu hulalia tuta lililobaki katikati ya mifereji miwili. Magurudumu yanaelea, na nguvu yote ya injini haina kazi.

Kisha tazama anavyoshuka. Namwamini anayeshuka mikono mitupu, akalala kifudifudi kwenye tope na kuchungulia uvunguni. Anatafuta kinacholishika gari, na mara nyingi kinacholishika si tairi: ni difu, ekseli au tangi la mafuta. Anatazama pia ni magurudumu gani yaliyokuwa yakizunguka. Difu ya kawaida hupeleka mzunguko kwenye gurudumu lisilo na ukinzani, ndiyo maana gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne laweza kuzungusha mawili tu yaliyo mshazari, mbele kulia na nyuma kushoto, huku mengine yakiwa yametulia. Mwenye difu loki huifunga magurudumu yakiwa yamesimama, kamwe si yakiwa yanazunguka kwa kasi.

Wapo wanaosema haya yote humalizwa na gari lenye nguvu. Nawakumbusha mbio za Safari Rally za 1963 na 1968, zilizoandamwa na mvua. Kila mara magari saba tu ndiyo yaliyomaliza, na mara zote mbili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404, gari dogo linalosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake.

Kuchimba ndiko kipimo ninachokithamini kuliko vyote. Mwanagenzi hukimbilia tairi. Fundi huanza uvunguni, akaliondoa tuta mpaka tumbo la gari liwe huru, ndipo ahamie kwenye magurudumu. Mbele ya kila tairi, upande wa kutokea, hukata mteremko mrefu na mpole. Ukuta mfupi uliosimama wima utalirudisha gari shimoni. Hufungua mfereji maji yapate kuondoka, na tope hulitupa mbali lisirudi. Upande wa kutokea mara nyingi ni nyuma, kwani ardhi ile imekwisha kulibeba gari. Chini ya tairi hutia mawe, mbao au matawi makavu yaliyoanguka. Anayekata mti mbichi hifadhini, kwangu ameshashindwa.

Jeki ndefu hukaa juu ya ubao mpana, la sivyo itazama yenyewe badala ya kuinua gari. Mkono hauingizwi chini ya gari lililoinuliwa. Vya kutandika husukumwa kwa mpini wa koleo. Upepo wa tairi ukishushwa kutoka psi 35 hadi karibu 18, tairi hupanuka na meno yake hupata kujisafisha, lakini aliyeshusha bila kuwa na pampu ya kujazia hajatimiza kazi.

Kwenye kamba sisamehi. Kamba ya nailoni ya kukwamulia huvutika na kurudi, ndiyo maana inafaa kwa mvuto wa ghafla. Mnyororo na kebo ya chuma havivutiki, na kuvivuta kwa ghafla ni kuhatarisha roho za watu. Kamba hufungwa kwenye ndoano iliyoshikizwa chasisi. Tufe la kukokotea tela likikatika hupaa na kuua. Watu wote husogea mbali kupita urefu wa kamba, na kebo ya winchi hutundikwa blanketi zito katikati ili ikikatika iangushwe chini. Anayejua winchi anajua pia kwamba huvuta kwa nguvu zaidi kebo ikiwa imebaki mizunguko michache kwenye ngoma, na kwamba kapi moja karibu huzidisha mvuto maradufu, kwa nusu ya kasi. Mtu mmoja ndiye anayeamuru, kwa mikono. Nikisikia sauti tano zikielekeza, huwaondoa abiria wangu pale.

Gari likitoka, usiondoke bado. Mtazame anapojaza mashimo na kuokota mbao zake, maana lori linalofuata litapita palepale. Atatoa tope ndani ya rimu, kwani likikaukia huko usukani utatetemeka. Atasafisha rejeta, injini isije ikachemka. Atajaza upepo, kisha ataendesha polepole akigusa breki mara kadhaa mpaka zikauke na kushika sawasawa kila upande, ndipo abadili gia kwenda juu.