Lango la Matete, Ng'ombe wa Chuma

Miji ya kale hujisifu kwa malango. Kairo wanalo Bab Zuweila la mwaka 1092, na mpaka leo watu hupita chini yake wakienda sokoni. Gede, karibu na Malindi, matao ya matumbawe yangali wima ingawa wenyeji walihama karne nyingi zilizopita. Sisi wa Karagwe tukiulizwa lango letu liko wapi, tunababaika, tunaonyesha kilima chenye nyasi na migomba.

Lango tulikuwa nalo. Bweranyange, makao ya wafalme wa ukoo wa Bahinda, palikuwa na kikale, yaani boma la kifalme, chenye nyumba za msonge, uzio, na irembo la kuingilia. Mgeni hakujiingilia tu; alisubiri hapo mpaka Omukama, yaani mfalme, apashwe habari. Lakini kikale kilikuwa cha miti, nyasi na matete, na katika nchi yenye mvua za vuli na za masika matete hayadumu. Mchwa humaliza kilichoachwa na mvua. Ndiyo maana anayetafuta mabaki ya ufalme wa Karagwe hana budi kuliacha lango na kumtafuta mhunzi.

Novemba 1861 John Hanning Speke na James Grant, wakiwa safarini kutafuta chanzo cha Nile, walipokewa Bweranyange na Omukama Rumanyika. Grant, aliyekuwa na kidonda mguuni, alibaki hapo miezi kadhaa. Miongoni mwa vitu vya mfalme Speke aliona ng'ombe wadogo wa chuma. Akaandika kwamba Waarabu wa kituo cha biashara cha Kafuro ndio waliomfulia mfalme apate kujifurahisha. Kwa kalamu yake, alama za enzi zikageuka vitu vya kuchezea, na sifa ya fundi ikapewa mfanyabiashara.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na aliyeviunda hakutoka mbali. Katika nchi hii ya magharibi ya Ziwa Nyanza, chuma kiliyeyushwa karibu miaka 2,000 kabla ya Speke kuzaliwa. Mabaki ya matanuru yaliyochimbuliwa Katuruka, upande wa Bukoba, yanashuhudia hilo. Na Bweranyange kwenyewe, wanaakiolojia walipochimba, walikuta alama za kazi ya chuma mle mle makao makuu, karibu na kiti cha enzi.

Kazi hiyo tunaijua kwa sababu miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliokumbuka ujuzi wa ujana wao walijenga tanuru upya mbele ya mwanaakiolojia Peter Schmidt. Walichimba shimo, wakalizungushia ukuta wa udongo. Chini ya shimo walijaza matete ya kinamasi na kuyachoma mpaka yakawa meusi. Juu yake wakaweka mkaa na mawe ya chuma, kisha wavukutaji wakaanza kazi, zamu kwa zamu, saa baada ya saa. Mirija ya udongo iliyopeleka upepo haikuishia mlangoni mwa tanuru. Iliingizwa ndani kabisa, upepo ukapata moto njiani kabla ya kuukuta mkaa. Mavi ya chuma, yaani uchafu wa mawe hayo, yalipoyeyuka yalitiririka ndani ya matete yaliyoungua, na kaboni ya matete ikaingia kwenye chuma na kukipa ugumu.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia fundi wa zamani. Matete ya langoni yalioza yakapotea. Matete ya tanuruni yaliungua yakawa sehemu ya chuma.

Baada ya kuyeyusha huja kufua. Donge linalotoka tanuruni ni bovu kwa sura: jeusi, lenye matundu kama mkate uliochacha. Mhunzi, au omuhesi kwa lugha ya kwetu, hulipasha moto na kulipiga, hulipasha tena na kulipiga tena, mpaka uchafu utoke. Kumfua ng'ombe kutoka hapo si sawa na kufua jembe. Pembe ndefu zinazopinda lazima zivutwe taratibu, ziendelee kuwa nyembamba bila kukatika. Nyundo ikizidi nguvu mara moja, pembe imekwenda, na kazi ya siku nzima nayo imekwenda.

Wafalme waliijua thamani ya mkono huo. Katika hazina ya Karagwe, pamoja na ng'ombe na mikuki, zilihifadhiwa nyundo na fuawe. Ng'ambo ya mto Kagera, kaburi la mfalme Cyirima Rujugira wa Rwanda lilipofunguliwa mwaka 1969, zilikutwa humo nyundo za mhunzi. Kuitawala nchi kulifananishwa na kuifua: kukipa umbo kitu kigumu bila kukivunja.

Miaka ya 1890 sotoka iliingia nchini ikafagia mifugo. Zizi lililokuwa fahari ya Bahinda likabaki tupu, na ufalme ukadhoofika mbele ya Wajerumani. Ng'ombe wenye damu walikufa kwa maelfu. Wale wa chuma wakabaki na pembe zao.

Leo jina la Rumanyika limepewa hifadhi ya taifa, na Kyerwa, iliyokuwa sehemu ya Karagwe hadi ilipofanywa wilaya mwaka 2012, inajulikana kwa madini ya bati. Nyundo hazijanyamaza: bado wapo wanaogeuza springi ya gari bovu kuwa panga la shambani. Wateja hupunguza bei, huondoka na panga, wala hawaulizi aliyefua alijifunza kwa nani. Walimu wetu na wawapeleke watoto wakamwone, wasimame karibu na moto wasikie nyundo inavyobadilika sauti chuma kinapopoa.

Nawe ukipita Bweranyange usipoteze muda kutafuta lango. Tazama chini. Ukiona jiwe jeusi, zito kuliko ukubwa wake, lenye vitundu, hayo ni mavi ya chuma. Yatazame, kisha uyaache palepale yalipo.