Eyes on the Prize: Historia Katika Nguo ya Kuazima

Filamu ya makala ya historia huhakikiwa kwa maswali mawili: je, inasema kweli, na je, inaisimulia kweli hiyo vizuri? Uhakiki huu unaongeza swali la tatu: je, itaweza kuonyeshwa tena baada ya miaka kumi? Nitalijibu kwa kuutazama mfululizo wa Kimarekani, Eyes on the Prize, unaosimulia jinsi Wamarekani Weusi walivyopigania haki zao za kiraia.

Mfululizo huu uliandaliwa na Henry Hampton na kampuni yake ya Blackside, mjini Boston. Una sehemu 14. Sita za kwanza, zinazohusu miaka ya 1954 hadi 1965, zilionyeshwa na televisheni ya umma, PBS, mwaka 1987. Nane zilizobaki zilifuata mwaka 1990. Hampton mwenyewe aliandamana Selma, Alabama, mwaka 1965. Msimulizi wake, Julian Bond, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa SNCC, jumuiya ya wanafunzi waliopinga ubaguzi. Kwa watu waliokuwa ndani ya mapambano kiasi hicho, mtazamaji angetarajia kazi ya kujisifu.

Sivyo ilivyo. Hampton hakuwaweka maprofesa mbele ya kamera watufafanulie mambo. Wanaozungumza ni wale walioshiriki matukio au walioyaona kwa macho yao, wa pande zote. Katika sehemu ya sita tunamwona mchungaji C.T. Vivian akikabiliana na sherifu Jim Clark kwenye ngazi za mahakama ya Selma, mahali ambapo watu Weusi walizuiwa kujiandikisha kupiga kura. Kisha tunawasikia wahusika wakizungumza miaka ishirini baadaye, Clark akiwa miongoni mwao. Mtazamaji haambiwi amwamini nani. Picha ya siku ile ipo, maneno ya leo yapo kando yake, na yeye mwenyewe anapima. Hapo ndipo penye nguvu ya kazi hii.

Udhaifu nao upo. Sehemu sita za kwanza zinafikia kilele Selma na kwenye sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965, na anayeishia hapo huondoka akidhani mambo yamekwisha. Sehemu nane za pili zinamsahihisha: zinatupeleka gereza la Attica, shule za Boston, na Chicago ya Harold Washington. Hata hivyo, zimebeba matukio mengi mno, na baadhi yanapita kabla hayajatuingia. Ndiyo maana sehemu zote 14 zinahitajiana.

Lakini kwa muda mrefu hazikuweza kuonekana, na sababu haikuwa uchache wa watazamaji. Kazi hii imejengwa kwa filamu za habari, picha na nyimbo ambazo kila moja ina mwenyewe. Kwa uhaba wa fedha, vibali vingi vilinunuliwa kwa miaka michache tu, vikaisha katika miaka ya 1990. Hampton alifariki mwaka 1998. Mfululizo haukuweza kurushwa tena wala nakala mpya kuuzwa. Uliobaki ulikuwa kwenye kanda zilizozeeka maktabani. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hii ilisitiri, kisha mwenyewe akaidai.

Ilibidi zipatikane dola 600,000 za Ford Foundation na 250,000 za Richard Gilder ndipo mfululizo urudi PBS mwaka 2006, kupitia kipindi cha American Experience.

Mwaka 2025 kipindi hicho nacho kilipigwa. Mwezi Julai, Bunge la Marekani lilifuta takriban dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimekwisha kutengwa kwa ajili ya CPB, shirika lililogawa fedha za serikali kwa redio na televisheni za umma. Kituo cha GBH cha Boston kikapunguza wafanyakazi wa American Experience na kusitisha filamu mpya. Wengi walizililia filamu ambazo hazitatengenezwa. Kilio hicho ni cha haki, ila ni nusu ya msiba. Kipya kikikoma, cha zamani ndicho kinachobaki, na cha zamani huonyeshwa tu iwapo vibali vyake viko hai.

Wapo watakaosema intaneti itatuokoa. Intaneti hurahisisha kusambaza, haifuti hakimiliki. Tiba iko mwanzoni mwa kazi. Afadhali mtayarishaji apunguze sehemu mbili na anunue vibali visivyo na kikomo, na mfadhili ahesabu gharama hiyo kuwa sawa na ya kamera. Ushahidi tunao kwa Hampton huyohuyo: mahojiano ambayo Blackside iliyarekodi yenyewe yamehifadhiwa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, ambako watafiti wanayasoma kwa urefu wake, pamoja na yale ambayo hayakuingia kwenye filamu. Alichokishona mwenyewe hakikudaiwa na mtu.

Kwa maswali mawili ya kwanza, Eyes on the Prize inastahili sifa kubwa. Kwa swali la tatu ilishindwa, ikaokolewa na wahisani. Vyombo vya umma visijenge historia ya taifa juu ya tumaini la kuokolewa mara ya pili.