Kengele Inapofungua Tiketi

Kwenye ukurasa wa kushoto wa kaunta buku yake, fundi ameandika majina ya vifaa kama Zabbix inavyovijua. Wa kulia, kama vilivyosajiliwa kwenye GLPI. Kushoto: DSM-SW-03. Kulia: Swichi ya ghorofa ya tatu, mlango wa uhasibu. Ni kifaa kimoja. Orodha inakwenda hivyo kurasa kadhaa, na penye utata ameweka alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu. Tuko Dar es Salaam, kwenye taasisi yenye matawi mikoani, na kazi aliyokabidhiwa inasemeka kwa pumzi moja: mtandao ukipata hitilafu, tiketi ijifungue yenyewe kwenye dawati la huduma. Kibodi bado hajaigusa.

Programu zenyewe ni huria na zina umri. Zabbix, iliyobuniwa na Alexei Vladishev wa Latvia na kutolewa kwa umma mwaka 2001, ni mlinzi wa mtandao. Kila baada ya muda huziita ruta, swichi na seva, huziuliza hali zao kwa itifaki ya SNMP kupitia poti 161, kisha hupima majibu kwa kanuni ilizopewa. GLPI ilianzia Ufaransa mwaka 2003. Hiyo hutunza daftari la mali na tiketi: kifaa kiko wapi, nani kalalamika, nani kapewa kazi, imefikia wapi. Hadi sasa, kilichoziunganisha hizo mbili ni kijana wa zamu, ambaye hutazama skrini ikigeuka nyekundu kisha akanakili kwa mkono upande wa pili. Saa nane za usiku, akiwa peke yake, hunakili anachoweza.

Majina ndiyo yanayokula muda wa fundi kuliko kitu kingine chochote. Tiketi isiyojua inahusu kifaa gani haina tofauti na barua isiyo na anwani, kwa hiyo anatafuta alama moja ambayo programu zote mbili zitaitambua bila ubishi. Anachagua namba ya kiwandani, ile iliyochapwa kwenye kijikaratasi kilichobandikwa chini ya kifaa. Anapita nayo chumba kwa chumba pamoja na mzee wa stoo, tochi ya simu mkononi, akisoma tarakimu kwa sauti huku mzee akizifuata kwa kidole kwenye leja.

"Mzee, hii ruta huku umeandika mbovu, mbona mimi naiona hewani?"

"Ilishatengenezwa, mwanangu. Karatasi ndiyo bado."

Alama nyekundu zinapungua moja moja. Za mikoani anazimaliza kwa simu, na tawi ambalo halina mtu wa TEHAMA anaomba apigiwe picha ya mgongo wa kifaa. Nimeona wengi wakiruka hatua hii kwa sababu haina kitu cha kumwonyesha meneja. Yeye anaifanya kama ndiyo kazi yenyewe.

Anapokaa kwenye kompyuta hafungui Zabbix. Anafungua dirisha jeusi la kuandikia amri na kutumia curl, programu ndogo inayotuma ombi kwa seva na kuonyesha jibu likiwa ghafi. Kwenye GLPI ametengeneza mtumiaji wa kazi hii peke yake, mwenye ruhusa ya kusoma orodha ya mali, kufungua tiketi na kuongeza maelezo, basi. Kufuta hawezi. Ombi la kwanza linabeba tokeni mbili, ya programu na ya mtumiaji, na seva inarudisha ya tatu, ya kikao. Kwa tokeni hiyo ya tatu anatuma tiketi ya majaribio. Jibu linarudi: 201, yaani imeundwa, na namba ya tiketi. Hashangilii. Anahamia kwenye GLPI kuisoma tiketi yenyewe, kama atakavyoisoma mtu wa zamu aliyeamshwa usingizini, na haridhiki. Kichwa kilichotoka kwenye kanuni za Zabbix ni cha Kiingereza na hakisemi kifaa kiko wapi. Anakiandika upya: Ruta ya tawi la Kigoma haipatikani. Chini yake anapanga anwani ya IP, saa hitilafu ilipoanza, kipimo cha mwisho, na mstari ambao sijauona kwenye mwongozo wowote: namba ya simu ya mlinzi wa tawi. Usiku wa manane, mlinzi ndiye anayejua kama taa zinawaka.

Sasa ndipo anaingia Zabbix. Inakuja na kiunganishi chake cha GLPI, kilichoandikwa kwa JavaScript, na mtu mwenye haraka angeweka anwani na tokeni akaenda kunywa chai. Fundi anakisoma mstari kwa mstari. Anaona kwamba kinafungua jalada la tatizo, yaani uchunguzi wa chanzo, wakati watu wa zamu wanafanyia kazi tiketi za matukio, na kuanzia asubuhi ya kwanza majalada yangejaa mahali ambapo hakuna anayetazama. Anakinakili, anabadili sehemu hiyo, anaongeza mistari ya kutafuta mali kwa namba ya kiwandani na kuifungamanisha na tiketi. Kitu kimoja anakiacha kilivyo: namba ya kumbukumbu inayorudi kutoka GLPI huhifadhiwa kama lebo kwenye tukio la Zabbix, ili kifaa kikipona maelezo yaende kwenye tiketi ileile badala ya kufungua nyingine.

Kutoka hapo anaanza kuchuja, na hapa ndipo nilipoelewa kwa nini wenzake humpisha. Zabbix ina ngazi sita za uzito wa hitilafu. Ni tatu za juu tu anazoziruhusu kuvuka. Nyingine zitabaki kwenye skrini. Kutopatikana kwa kifaa kunahesabiwa baada ya ping tatu kukosa jibu mfululizo, moja kila dakika. Upotevu wa pakiti unapiga kengele ukivuka asilimia 20, lakini kengele hainyamazi mpaka ushuke chini ya 5, ili laini inayoyumba mpakani isifungue na kufunga tiketi mchana kutwa. Kisha utegemezi: swichi ya tawi inategemea ruta ya tawi, kamera zinategemea swichi. Ruta ikianguka, walio nyuma yake wananyamaza.

Utegemezi huo una mtego. Zabbix haivipimi vifaa vyote kwa sekunde moja. Swichi inaweza kugundulika imekufa kabla ruta haijapimwa, na tiketi isiyo na maana ikapenya. Kwa hiyo hatua mbili za mwanzo za kutuma taarifa, dakika moja kila moja, ameziacha tupu. Ujumbe unaondoka hatua ya tatu, na kufikia hapo ruta itakuwa imeshajulikana.

Juu kabisa ya mti huo ameweka kitu kisicho ruta wala swichi: njia ya kwenda nje ya nchi. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Siku kama hiyo kila kinachotegemea seva za ng'ambo hulia kwa pamoja, na dawati la huduma huzama kwa tiketi zenye chanzo kimoja kilicho chini ya maji. Kwa mpangilio wake itafunguka moja.

Jaribio linafanyika kwa ruta ya akiba iliyowekwa juu ya meza. Anachomoa kebo, anaegemea kiti. Dakika inapita, halafu ya pili.

"Dada, mbona kimya?" anauliza kijana wa zamu.

"Ngoja, mdogo wangu. Bado inahesabu."

Baada ya kosa la tatu mstari mwekundu unatokea Zabbix. GLPI bado tupu. Dakika mbili zaidi, kisha tiketi inatokea, ina jina la Kiswahili, kifaa kimefungamanishwa, namba ya mlinzi ipo. Anarudisha kebo. Maelezo ya kupona yanaingia kwenye tiketi ileile, lakini tiketi haifungwi. Ameamua kufunga kubaki kazi ya mtu, kwa sababu mtu ndiye atakayeandika chanzo.

Halafu anaizima GLPI yenyewe, kwa makusudi. Zabbix ikiachwa na mipangilio yake ya mwanzo hujaribu kutuma mara tatu, kwa nafasi ya sekunde 10, kisha hukata tamaa. Seva ikiwashwa upya huchukua muda mrefu kuliko huo. Anaongeza majaribio na nafasi kati yake. Na kwa kuwa GLPI nayo ni kifaa kinacholindwa, kengele yake peke yake inakwenda kwa SMS kwenye simu ya mwenye zamu.

Kila Ijumaa anafungua orodha ya tiketi zilizofungwa kwa maneno "ilirudi yenyewe" na kuzipitia na kijana wa zamu. Nyingi zinamrudisha kwenye kanuni: muda uongezwe hapa, kizingiti kipande pale. Wiki hii kundi kubwa ni la swichi moja ya Tunduma, ambayo huzimika kila mlinzi anapohamisha umeme kwenda jenereta. Kijana anapendekeza waongeze dakika za kusubiri, kengele itulie. Fundi anatikisa kichwa. Anaiacha kanuni kama ilivyo, anafungua tiketi moja kwa mkono wake na kuielekeza kwa mafundi umeme: swichi ya Tunduma haina UPS, ipelekewe.