Ufundi wa Mkanda Mwembamba

Fremu moja ya filamu ya Super 8 ina upana usiofika milimita 6 na kimo cha milimita 4 hivi. Ukiimulika kwenye skrini yenye upana wa mita 2, umeikuza zaidi ya mara 300. Unywele mmoja ulionasa mbele ya fremu hiyo utaonekana ukutani ukiwa na unene unaopita sentimita 2. Hesabu hiyo ndiyo inayoongoza kila wanachokifanya watu wanaonunua nakala mpya za filamu nyembamba na kuzionyesha nyumbani kwao. Ninawastahi sana, kwa sababu udogo wa kitu wanachokishika umewalazimisha kuwa waangalifu kuliko wengi wetu tulivyo katika kazi zetu.

Sinema ya nyumbani ilianza zamani. Mwaka 1922 kampuni ya Pathé ya Ufaransa ilitoa Pathé-Baby, mashine ndogo iliyotumia mkanda wa milimita 9.5 wenye vitundu katikati, baina ya picha na picha. Mwaka uliofuata Kodak ya Marekani ikaleta milimita 16, kisha milimita 8 mwaka 1932. Mwaka 1965 ikaja Super 8, ambayo upana wa mkanda wake ni uleule wa milimita 8, ila vitundu vya pembeni vilipunguzwa ukubwa ili picha ipate nafasi zaidi. Filamu za majumba makubwa ya sinema za enzi za mwanzo zilikuwa za nitrati, ambayo ikishika moto haizimiki kirahisi. Mikanda ya nyumbani ilitengenezwa kwa asetati isiyo na hatari hiyo, ndipo mtu akaweza kuwasha projekta sebuleni, watoto wakiwa wamekaa chini mbele yake.

Wengi waliitumia mikanda hiyo kupiga picha za harusi na safari zao. Pembeni yake ikakua biashara nyingine, ya kuuza nakala za filamu zilizokwisha kutengenezwa. Mwaka 1937 Castle Films ya Marekani ilianza kuuza filamu za habari kwa wenye projekta majumbani, na miongoni mwa za mwanzo ilikuwa ile ya chombo cha angani Hindenburg kikiteketea New Jersey. Blackhawk Films, iliyokuwa katika mji wa Davenport, Iowa, iliuza vichekesho vya Laurel na Hardy na filamu nyingi za enzi ya sinema bubu. Uingereza, katika mji wa Dudley, Derann Film Services iliendelea na Super 8 miaka mingi baada ya video kuteka soko, ikitoa hata filamu nzima za Disney, mpaka ilipofunga mwaka 2011.

Nakala nyingi za zamani zilikuwa za muhtasari. Gurudumu la futi 200 za Super 8 likizungushwa kwa kasi ya sauti, yaani picha 24 kwa sekunde, huisha katika dakika 10. Mhariri alilazimika kuchukua sinema ya saa mbili na kuchagua dakika hizo 10 ili hadithi ibaki na kichwa na miguu. Ilikuwa kazi ngumu, na zile zilizofanywa vizuri bado hutafutwa na wakusanyaji hata pale ambapo filamu nzima inapatikana.

Nakala mpya za leo hutoka kwa mafungu madogo, kutoka maabara chache na watu wanaoipenda kazi hii. Utengenezaji wake unadai mikono iliyotulia. Picha ya negativu kubwa hupunguzwa kwa lenzi mpaka ifikie ule udogo wa milimita 6. Kwa kawaida safu kadhaa za picha huchapwa sambamba kwenye mkanda mpana zaidi, kisha mkanda huo huchanwa kwa urefu kupata nakala nyembamba. Kisu kikipotoka kidogo tu, picha itayumba ukutani kushoto na kulia kwa muda wote wa onyesho, na hakuna projekta itakayoweza kuirekebisha.

Kisha huja sauti. Nakala za Super 8 zenye sauti ya sumaku hupakwa mistari miwili myembamba: mmoja kwenye ukingo usio na vitundu, ambao ndio wa sauti, na mwingine upande wa vitundu ili mkanda uwe na unene sawa unapojiviringa. Huo wa pili ulikuja kutumika pia kwa sauti ya stereo. Sauti ya kila picha huwekwa fremu 18 mbele ya picha yenyewe, na sababu yake inapatikana ndani ya projekta.

Picha haiwezi kuonekana ikiwa mkanda unateleza mfululizo mbele ya taa. Ukucha mdogo wa chuma huingia kwenye kitundu, huvuta mkanda fremu moja, huuachia, hurudi juu, na kuvuta tena, mara 24 kila sekunde. Wakati mkanda unavutwa, kisahani kinachozunguka huufunika mwanga. Kisahani chenye mabawa matatu huukata mwanga mara tatu kwa kila picha, na kwa hiyo jicho hupokea mimuliko 72 kwa sekunde na kuiona kama mwanga mmoja usiokatika. Sauti nayo ina dai lililo kinyume kabisa. Mkanda lazima upite kwenye kichwa cha sumaku kwa mwendo laini, usiokoma hata kidogo, la sivyo muziki utatetemeka. Ndiyo maana vitu hivi viwili havikai mahali pamoja. Baina yao mkanda huachiwa ulegevu, kitanzi kidogo kinachomeza ile mishtuko ya kusimama na kwenda. Kitanzi kikipotea, picha huanza kurukaruka, na midomo ya waigizaji huachana na maneno yao.

Mwonyeshaji mzuri humaliza nusu ya kazi yake kabla taa haijawaka. Huanza na lango la picha, ile nafasi nyembamba ambamo fremu husimama mbele ya mwanga. Hulipiga brashi laini, kisha hupitisha pamba yenye spiriti kwenye njia yote ya mkanda. Akiona chembe iliyogandamana, huikwangua kwa kijiti cha mti. Chuma hakikaribii hapo, kwa kuwa mkwaruzo mmoja langoni utachora mstari kwenye kila futi ya mkanda utakaopita baadaye. Mkanda wenyewe hushikwa kingoni tu, kwa ncha za vidole. Mwanzoni huungwa kipande kisicho na picha, ili kama mashine ina njaa ya kukwaruza, iishie kwenye kipande hicho.

Nakala mpya inahitaji uangalifu wa ziada. Ikitoka maabara huwa bado mbichi: tabaka lake la picha lina unyevu, na likipita kwenye joto na mgandamizo wa lango hubanduka vumbi jembamba linaloganda na kuwa gumu. Wajuzi huilainisha kwa dawa maalumu ya mikanda, wakiipitisha polepole kwenye kitambaa laini, na katika maonyesho ya mwanzo husafisha lango kila gurudumu linapokwisha. Ikiwa mkanda ni wa poliesta, hukagua pia kila gurudumu na kila jino la mashine, kwa sababu poliesta haikatiki. Mkanda wa asetati ukikwama hukatika wenyewe na kuinusuru projekta, ila wa poliesta unaweza kuivunja. Wala hauungwi kwa gundi ya kawaida, ambayo huyeyusha asetati na kuifanya ishikane. Kwa poliesta hutumika tepu safi, iliyokatwa sawasawa na vitundu.

Uangalifu wote huu hulipwa na rangi. Nakala nyingi zilizochapwa kabla ya miaka ya 1980 zimechuja kama khanga iliyoanikwa juani kila siku: samawati imetoweka, kijani imekufa, na sinema nzima imebaki ya waridi. Chapa za kisasa zina rangi zinazodumu zaidi, na nakala mpya inapopita kwa mara ya kwanza mbele ya taa ya halojeni, anga huwa anga na ngozi huwa ngozi. Hakuna mstari hata mmoja juu yake. Mwenye nakala anajua kwamba hali hiyo iko mikononi mwake peke yake kuanzia sasa.

Kuna anayeweza kuuliza faida ya taabu hii, na historia ina majibu yake. Mwaka 1954 mvulana wa shule wa Uingereza, Kevin Brownlow, alipata magurudumu mawili ya milimita 9.5 ya Napoléon, filamu ya Abel Gance ya mwaka 1927, akayaonyesha nyumbani. Alichokiona kilimfanya atumie miongo iliyofuata kutafuta sehemu zilizobaki, na mwaka 1980 kazi hiyo ilionyeshwa London pamoja na okestra. The Lost World, sinema ya mwaka 1925, ilijulikana kwa miongo mingi kupitia nakala zilizofupishwa za milimita 16 za maktaba ya Kodascope, zilizokusudiwa kukodishwa majumbani. Na mwaka 2008, katika jumba la makumbusho la sinema la Buenos Aires, ilipatikana nakala ya milimita 16 ya Metropolis ya Fritz Lang yenye sehemu zilizodhaniwa zimepotea milele. Mkanda huo ulinakiliwa kutoka nakala iliyochakaa, na mikwaruzo yake yote ikachapwa ndani ya picha. Sehemu hizo zimerudi duniani, na kila anayezitazama huona pia gharama ya uzembe wa mikono iliyotangulia.

Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake katika historia ya mkanda mwembamba. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, mradi wa filamu za elimu chini ya Notcutt na Latham ulitengeneza sinema za milimita 16, sauti ikiwa kwenye sahani za santuri, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zake. Gari lilizipeleka vijijini. Zilikuwa filamu za wakoloni, zenye mtazamo wao juu ya Waafrika, lakini nyuso zilizo ndani yake ni za watu wetu. Chache mno zimesalia.

Upotevu wa namna hiyo hauhitaji moto. Asetati iliyohifadhiwa mahali penye joto na unyevu, kama ulivyo mwambao wetu, huanza kuoza na kutoa harufu ya siki. Mvuke wake huambukiza mikanda iliyo jirani, mkanda husinyaa, hujikunja, na mwisho haupiti tena kwenye mashine yoyote. Wakusanyaji hufungua makopo yao mara kwa mara na kunusa. Lenye dalili hutengwa siku hiyohiyo.

Projekta za kuonyeshea nakala hizi, za Eumig ya Austria au Elmo ya Japani, hazitengenezwi tena. Wenye nazo huhifadhi mikanda ya mpira, balbu na meno ya akiba, na hujifunza kuzifungua na kuzifunga wenyewe. Wanajua pia kwamba kila onyesho hula kidogo uhai wa nakala, hata pale kila kitu kinapofanywa ipasavyo. Mkanda uliofungiwa kabatini ukasubiri bei ipande hautakwaruzwa, lakini hakuna atakayeiona sinema iliyomo. Ninaowasifu hapa hufanya lililo gumu zaidi: hupunguza madhara ya kila onyesho mpaka yasionekane, kisha huwaita majirani na watoto wao. Baadhi yao huandika ndani ya kopo tarehe za maonyesho, viungo vilivyotengenezwa na dawa iliyotumika, kwa sababu poliesta iliyotunzwa mahali pakavu na baridi inaweza kuishi muda mrefu kuliko mwenye nakala, na mmiliki atakayefuata anastahili kujua amekabidhiwa kitu cha namna gani.