Hapa, Kule na Humu: Uhakiki wa Filamu ya Powers of Ten

Utangulizi

Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Filamu zinazofundisha habari za anga na ardhi huwa tunawaachia wenzetu wa fizikia na jiografia, kana kwamba lugha haiwahusu wao na sayansi haituhusu sisi. Lakini filamu ya mafunzo nayo ni kazi ya masimulizi. Ina msimulizi, ina mandhari, ina mtiririko wa matukio na ina lugha. Mwanafunzi akitoka darasani bila kuelewa, mara nyingi kosa si la picha bali ni la maneno yanayofuatana nayo.

Makala haya yanahakiki filamu moja fupi, Powers of Ten, ambayo nimeitumia katika somo la tafsiri pamoja na wanafunzi wa mwaka wa pili. Swali letu lilikuwa hili: je, filamu hii inaweza kufundisha kwa Kiswahili? Na kama inaweza, inatudai nini sisi wa Rwanda, ambako Kiswahili ni lugha rasmi tangu 2017?

Muhtasari wa filamu

Filamu hii ilitengenezwa mwaka 1977 na Charles Eames na mkewe Ray, wabunifu wa Marekani. Inachukua dakika tisa hivi. Wazo lake lilitoka katika kitabu cha Kees Boeke, mwalimu wa Uholanzi, kilichochapishwa mwaka 1957. Msimulizi ni mwanafizikia Philip Morrison.

Inaanza na mwanamume na mwanamke waliotandika shuka juu ya majani, karibu na ziwa, mjini Chicago. Wamekwisha kula, na mwanamume amelala. Kamera inatazama kutoka juu, na uwanja inaouonyesha una upana wa mita moja. Kuanzia hapo, kila sekunde kumi uwanja huo unapanuka mara kumi: mita 10, mita 100, mita 1,000. Tunaona bustani, mji, ziwa zima, kisha Dunia ikielea gizani. Sayari zinapita. Jua linakuwa nyota moja kati ya nyota nyingi, na galaksi yetu inakuwa kama chembe ya vumbi. Safari inakoma kwenye uwanja ambao upana wake kwa mita huandikwa 1 na sifuri 24, yaani miaka nuru milioni 100 hivi. Ndipo kamera inaporudi kwa kasi hadi kwa yule mwanamume na kuingia ndani ya mkono wake: ngozi, seli, kiini cha seli, mpaka atomu ya kaboni na protoni moja iliyomo katika kiini chake.

Maudhui

Kinachofundishwa hapa ni kipimo. Mwanafunzi wa sekondari huambiwa kwamba Jua liko umbali wa kilomita milioni 150 kutoka duniani. Huandika, hukariri, hujibu mtihani. Lakini ukimwuliza milioni 150 ni nyingi kiasi gani, atanyamaza, na pengine mwalimu naye atanyamaza. Filamu hii haimtupii mwanafunzi idadi kubwa kwa mkupuo. Inampa kitu anachokijua, shuka juu ya majani, halafu inamfundisha kuongeza sifuri moja, kisha nyingine. Hatua saba tu kutoka kwenye shuka, Dunia karibu yote imeingia kwenye picha. Mwanafunzi anaweza kuzihesabu kwa vidole vyake.

Fundisho la pili ni utupu. Tukishatoka katika eneo la sayari, zinapita hatua kadhaa ambamo karibu hakuna kinachobadilika ila nukta za nyota. Filamu nyingi za anga zingejaza nafasi hiyo kwa muziki na rangi za kuvutia. Hii haifanyi hivyo. Baadaye, galaksi zinapokuwa kama vumbi, msimulizi anatukumbusha kwamba utupu huo ndio hali ya kawaida, na kwamba wingi wa vitu tunaouona jirani yetu ndio usio wa kawaida. Huo ni uaminifu ambao mwalimu anapaswa kuuiga.

Fani na lugha

Zoezi letu la kwanza lilikuwa kutafsiri masimulizi ya Morrison. Lilitushinda, na sababu yake inafundisha. Filamu inakwenda kwa mapigo ya sekunde kumi kumi. Msemaji wa Kiingereza hutaja kipimo kwa silabi chache. Mwanafunzi wetu aliyesema "mita kumi kwa kipeo cha kumi na tatu" aliona picha imempita kabla hajamaliza kueleza anachokiona. Kundi jingine lilifupisha kila sentensi, likabaki na orodha ya namba zisizo na habari. Tafsiri zote mbili zilikuwa sahihi, na hakuna iliyofundisha.

Tukabadili zoezi. Tulizima sauti, na kila kundi likaandika masimulizi yake kwa kutazama picha tu. Hapo Kiswahili kilianza kufanya kazi yake. Makundi yalitumia "-ki-" bila kuambiwa: "tukipanda, mji unanywea", "tukizidi kupanda, ziwa linakuwa kama jani." Kiambishi kimoja kinabeba mwendo wa kamera na badiliko la picha kwa pamoja, jambo ambalo sentensi za tafsiri zilikuwa zikilifukuzia kwa maneno mengi.

Jambo lililonishangaza zaidi ni ngeli za mahali. Sote tumefundisha PA-, KU- na MU-, na sote tunajua zinavyowachosha wanafunzi: pa- kwa mahali maalumu, ku- kwa mahali pasipo mipaka, mu- kwa ndani. Mifano yetu ni ileile ya nyumbani, mezani na sandukuni. Filamu hii nzima ni safari ya ngeli hizo tatu. Inaanza hapa, penye shuka. Inakwenda kule, kusikokuwa na ukingo. Kisha inarudi na kuingia humu, mkononi, mwilini, mle ndani ya atomu. Mwanafunzi mmoja alifunga masimulizi yake kwa kusema kwamba kule juu na humu ndani mna utupu uleule. Hakuambiwa na mtu. Sarufi ndiyo iliyompeleka.

Kasoro

Filamu ina kasoro zake. Kwanza, haiulizi. Sauti ya Morrison ni tulivu na ya kirafiki, lakini haimpi mtazamaji nafasi ya kukisia. Tuilinganishe na video fupi ya mwanaanga wa Kanada, Chris Hadfield, aliyoirekodi Aprili 2013 akiwa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga. Wanafunzi wawili wa sekondari wa jimbo la Nova Scotia walitaka kujua itakuwaje ukikamua kitambaa chenye maji huko juu. Hadfield analowesha kitambaa, anakishika, anakikamua. Maji hayadondoki. Yanakizunguka kitambaa kama bomba na kumtambaa mikononi. Nilipoionyesha darasani nilisimamisha picha kabla hajakamua, na kila mtu alitaka kusema. Swali lilikuwa la wanafunzi, kifaa kilikuwa kitambaa, na jibu lilionekana kwa macho. Mwalimu anayetumia Powers of Ten hana budi kuisimamisha mwenyewe kwenye kila sifuri ya tatu au ya nne na kuuliza: tutaona nini?

Pili, hii ni filamu ya 1977. Darubini ya Hubble ilikwenda angani mwaka 1990 na ile ya James Webb mwaka 2021. Zimeona mbali kuliko mahali filamu inapogeukia. Mwanafunzi asidhani kwamba mwisho wa filamu ndio mwisho wa elimu.

Tatu, hapa pake si hapa petu. Hilo si kosa la watengenezaji. Kila msimulizi huanzia pale alipo. Lakini linatudai kitu.

Kama ingeanzia kwetu

Niliwauliza wanafunzi: filamu hii ingetengenezwa kwetu, shuka ingetandikwa wapi? Wengi walisema ufukweni mwa Ziwa Kivu, Rubavu. Tukajaribu kwa karatasi na ramani. Kwenye kilomita 10, Rubavu na Goma zinaonekana pamoja, mpaka ukipita katikati. Kwenye kilomita 100, volkano ya Nyiragongo iko upande wa kaskazini, ile iliyolipuka Januari 2002 na tena Mei 2021. Kwenye kilomita 1,000, tunaona sehemu kubwa ya Ziwa Tanganyika na ya Ziwa Viktoria, na tunaona kwamba Kivu na Tanganyika zimejipanga katika mstari mmoja. Mstari huo ni Bonde la Ufa, na ndio sababu ya kuwapo kwa volkano ile. Sifuri mbili zaidi ya kilomita 10 zilieleza jambo ambalo kurasa tatu za kitabu hazikulieleza.

Tukaingia humu, ndani ya maji. Kivu ina kilomita za ujazo zipatazo 300 za hewa ya ukaa na 60 za methani zilizoyeyuka katika kina chake. Huko Kamerun, mwaka 1986, hewa ya ukaa ilifumuka kutoka Ziwa Nyos ikaua watu wapatao 1,700. Tungefuata njia ya Eames mpaka mwisho, tungefika kwenye atomu ileile ya kaboni.

Hapo mwanafunzi mmoja aliyezaliwa Rubavu alitaja mazuku. Alipokuwa mdogo alikatazwa kukaa mabondeni kwa sababu ya mazuku, naye akadhani ni mzimu. Mazuku ni hewa ya ukaa inayotoka ardhini katika maeneo ya volkano. Haina rangi, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hujikusanya kwenye mashimo na mabonde ikaua mifugo na watu. Wataalamu wa volkano huliandika neno hilo la Kiswahili cha huko katika makala zao za Kiingereza na Kifaransa bila kulitafsiri. Wakazi ndio waliolitaja jambo kwanza.

Sasa fikiria video ya tahadhari inayosema "kabonidayoksaidi" tu. Bibi wa kijijini hataelewa kwamba anaambiwa habari za mazuku. Fikiria na ile inayosema "mazuku" tu. Kijana hataelewa kwa nini anatakiwa kupanda mwinuko badala ya kulala bondeni. Yanahitajika maneno yote mawili, na picha ya kuyaunganisha. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mwanajiolojia peke yake.

Hitimisho

Powers of Ten ni filamu nzuri kwa sababu inampa mwanafunzi njia anayoweza kuirudia mwenyewe kwa maneno yake. Napendekeza tuitumie katika madarasa ya sarufi na tafsiri, tukiizima sauti na kuwaachia wanafunzi wasimulie. Napendekeza pia kila mwanafunzi aandike masimulizi ya dakika tisa yanayoanzia mlangoni kwao. Wale wa Rubavu tayari wana mahali pa kuanzia, na wana neno ambalo mtoto wa pale anapaswa kulielewa kabla hajatumwa bondeni kuchunga mbuzi.