Heko kwa Wanaotambika Uluguru

Masika yakichelewa, kuna familia milimani Uluguru ambazo hazikai tu kutazama mawingu. Wazee wa ukoo hukaa kikao, siku hupangwa, na maandalizi ya tambiko huanza nyumbani.

Pongezi za kwanza ziwaendee akina mama, wapishi wa pombe ya tambiko. Nafaka hulowekwa hadi iote, ikaanikwa, ikasagwa kuwa kimea, ndipo pombe ipikwe na kuachwa ichachuke. Ni kazi ya siku kadhaa, na pombe ikiharibika shughuli imeharibika.

Za pili ziwaendee wajomba. Waluguru hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba ana sauti kubwa katika mambo ya mizimu. Humwaga unga na pombe chini, akiwataja marehemu kwa majina, akiomba mvua, mazao na afya. Baada ya hapo ni kula, kunywa na ngoma.

Mambo haya hayakuanza jana. Kabla ya utawala wa Wajerumani, watu walitoka mbali kwenda Kolero, huko huko Uluguru, kuomba mvua kwenye mzimu wa Kolelo. Kule Kinole, pia milimani humo, jina la Chifu Kingalu, ambalo hurithiwa, limeambatana na sifa ya kuleta mvua.

Wapo wanaoliita tambiko upagani. Lakini wengi wanaotambika huonekana pia msikitini Ijumaa au kanisani Jumapili. Tambiko huwarudisha nyumbani ndugu waliotawanyika Morogoro mjini na Dar es Salaam, na watoto husikia majina ya mababu zao yakitajwa. Hongereni sana, wazee wetu, msichoke.