UFAHAMU: Mwanafunzi ajiulize kabla ya kuulizwa
Majuzi nilimwomba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anieleze aya aliyotoka kuisoma bila kujikwaa. Kimya. "Prof, mimi nimeisoma tu."

Sikumlaumu. Katika Karatasi ya Pili ya KCSE, ufahamu una alama 15, naye amezoea kusaka neno la swali kifunguni na kunakili sentensi nzima. Maswali ya aina hiyo hata mimi nimeyatunga.

Mwaka wa 1984, Palincsar na Brown, watafiti wa Marekani, walionyesha njia nyingine: wanafunzi wenyewe watabiri, waulize, wafafanue na wafupishe wakiendelea kusoma.

Basi mwalimu, usingoje mwisho wa kifungu. Msimamishe katikati: umeelewa nini? Umepotelea wapi? Asiyejua kwamba amepotea hatarudi njiani.